Mikeka ya Papa Asumani na Watu Waliosema Kesho

Kwa jina la Mungu mwenye rehema, sisi wa familia tunawasalimia wote mulioketi hapa kwenye kilio, wazee wa musikiti, wapapa na wamaman, majirani Waislamu na Wakristo wa avenue yetu, na wale waliofika mapema sana wakachukua pahali pa karibu na sufuria, tunawaomba munyamaze kidogo na telefone muzime, kwa kuwa haya ni maisha ya mutu mumoja na hayatasomwa mara ya pili.

Papa Asumani Akonkwa alizaliwa tarehe 3 Mei 1950 huko Walungu, mutoto wa tatu wa papa aliyekamua ndizi za pombe ya kasiksi na maman aliyelima mashamba ya watu, akabatizwa kwa jina la Patrice, akaingia shule ya Wapadri mwaka wa 1957 na kufika quatrième primaire, darasa la nne, mwaka wa 1961, ndipo fujo za wakati ule zikafunga shule na hakurudi tena. Kwa miaka hiyo minne ni yeye aliyegonga kengele ya asubuhi, si kwa sababu alikuwa na akili kupita wengine, Padri alimupa kengele kwa kuwa ndiye peke yake aliyefika kila siku, hata siku ya mvua, hata siku ya soko, kwa hiyo musifikiri ugonjwa huo wa kufika aliupata uzeeni, alizaliwa nao.

Mwaka wa 1968, akiwa na miaka kumi na minane, alishuka Shabunda kutafuta zahabu kama vijana wengine, akachimba miezi saba, zahabu haikumuona, malaria peke yake ndiyo iliyomujua kwa jina, na alipokosa nguvu ya kuinua sururu alipokelewa na Muzee Feruzi, fundi wa nguo, Muislamu wa Kasongo, aliyekuwa na cherehani moja ya miguu kwenye baraza ya nyumba yake. Hapo alijifunza kushona, na hapo aliingia dini, tarehe 12 Novemba 1971, akapewa jina la Asumani, na kile kilichomuvuta, alikuwa anakisema mwenyewe, hakikuwa mahubiri, Muzee Feruzi hakuwa mutu wa maneno, ni kuona kwamba saa ya sala ikifika muzee anaacha sindano katikati ya mushono, hata kama ni shefu wa eneo ndiye amesimama anangoja suruali, na anafanya hivyo mwezi wa Ramazani na miezi mingine yote, ile ambayo hakuna mutu anaangalia. Muzee Feruzi alimufundisha neno moja ambalo Papa Asumani alilirudia hadi masikio yetu yakachoka, kwamba nguo haishikwi na mushono wa kwanza, inashikwa na fundo la mwisho, na mutu anayefunga Ramazani halafu anaacha sala siku ya Idi ni kama ameshona bila kufunga uzi, ataona suruali itakavyofunguka mbele ya watu.

Tarehe 22 Juni 1975 alimuoa Mwavita, binti wa Muzee Feruzi, aliyekuwa amefika deuxième primaire, darasa la pili, na hakutaka kufika mbali zaidi, wakapanda Bukavu mwaka huohuo, wakapanga nyumba Kadutu, kwenye huu mulima ambao mutu akishuka kununua chumvi anarudi akiwa amesahau alikuwa anapika nini, naye Papa Asumani akaweka cherehani yake sokoni, akashona pantalo, uniforme za shule na makanzu ya Idi hadi mwaka wa 2011 macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Mungu aliwapa watoto saba, wawili aliwachukua wakiwa wadogo, watano wako hai, hatutawataja, wanajijua, wanajua pia nani alikuwa anapanda mulima kumuona papa yake na nani alikuwa anatuma salamu kwa telefone, isipokuwa Zaina, muzaliwa wa kwanza, ambaye sauti yake ndiyo munaisikia sasa.

Tunafika kwenye kazi yake ya kweli, kwa kuwa cherehani ilikuwa ya kulisha tumbo tu. Munajua wote ule musikiti mudogo wa mabati huko juu ya njia ya chemchemi, hauna robine ya maji, hauna imamu wa kila siku, imamu anatoka mbali siku ya Ijumaa, na Ramazani ya Desemba 1998, wakati wa vita, ulijaa hadi watu wakasali kwenye matope ya nje, kwa sababu woga unajaza musikiti kuliko imani. Ndipo ilianza desturi ya kila mwanaume kuleta mukeka wake, na siku ya Idi, Januari 1999, wakiwa wamevaa makanzu yaliyotoka kwenye cherehani ya Papa Asumani, walimuachia ile mikeka, mumoja mumoja akamupiga bega, muzee, nichungie, usiukunje ukauweka mbali, kesho niko hapa. Papa Asumani akashona kwenye kona ya kila mukeka kipande cha kitambaa na jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu, ili kesho isilete ugomvi, akalala akiwa na furaha, akaamka saa kumi, akaitandika yote kwa mistari, akatoa adhana, na hakuja mutu.

Kesho yake akaitandika tena, na kesho yake, na tangu siku ile hadi juzi ni miaka ishirini na tano, kila alfajiri, mikeka mingine inakufa, Ramazani nyingine inaleta mipya na majina mapya na kesho mupya, mwaka huu ilikuwa arobaini na moja, naye anaitandika, anasimama mbele kama imamu, anasali, akitoa salamu kulia kuna ukuta, akitoa salamu kushoto kuna bidon ya maji. Jioni walikuja wawili watatu, Ijumaa walijaa safu mbili, lakini alfajiri hakuna. Maman Mwavita alimuuliza mara moja unamusalimia nani huko, akajibu malaika wanaitikia, Maman Mwavita akasema vizuri, basi malaika wachote na maji.

Papa Kalonda, prezida wa komite, ambaye yuko hapa kwenye safu ya mbele na koti nzuri, alimuambia mbele ya watu, Papa Asumani, kunja hii mikeka, panya wanaila, wenyewe hawako, naye akajibu, wenyewe waliniambia kesho, Papa Kalonda akasema kesho gani, muzee, huu ni mwezi wa tisa tangu Idi, naye akasema, mimi sikuwauliza kesho gani, wao ndio wanajua. Watu wakacheka, wakamuita Papa Kesho hata sokoni, na walioacha mikeka wakaanza kukata njia wakimuona, wanaume wenye ndevu, wanaruka mufereji kama mbuzi ili wasikutane na muzee mumoja mwenye kofia iliyofifia.

Na hapa familia haitapaka asali. Tunawaona katika Ramazani, mate hamumezi, redio hamusikilizi, munanukia marashi hadi Wakristo wanapiga chafya, vijana wanagombania bidon za kubeba maji ya udhu kwa kuwa kila mutu anataka thawabu, tende hazigusi sahani zinaishia hewani, munalia kwenye dua ya mwisho hadi makamasi yanashuka kwenye mukeka, ndiyo, makamasi, aliyeyafua ni Papa Asumani na tunaijua mikeka yenyewe, halafu mwezi unaandama, Idi inapita, jua halijazama munasikika kwenye nganda za pombe munaimba, bidon zinabaki zimelala ubavu na buibui ndani, na ile Korani muliyoshika kwa mikono miwili muliiacha dirishani mvua ikainywa. Mungu hakuondoka na mwezi ule, yeye hakusafiri, ninyi ndio mulisafiri, na Papa Asumani aliyepanga viatu vyenu mulangoni mwezi muzima alijua harufu yenu kuliko alivyojua sauti yenu.

Tusiseme uongo kwamba Maman Mwavita alikuwa bora. Yeye alisali alfajiri nyumbani siku alizojisikia, siku nyingine alivuta blanketi, na aliposikia muzee anavaa viatu gizani alimuambia, unaenda kutandikia panya, rudi ulale, hata Mungu anaona aibu kwa ajili yako, na yeye anajibu, lala, Mwavita, nitarudi. Hakuwahi kumuambia amka twende, hata siku moja, na hilo ndilo linalomukaa mujane wake kooni kama mufupa wa samaki, angemugombeza angepata la kujibu.

Basi Idi ya mwaka huu ilikuwa tarehe 10 Aprili 2024, watu wakaondoka, wakasema kesho, na Papa Asumani akaanza kufunga zile siku sita za Shawali, kwa kuwa alisema mwezi ukienda unasindikizwa kama mugeni, haufungiwi mulango mugongoni. Jumatano tarehe 24 Aprili, akiwa kwenye funga ya nne, alikula daku, kipande cha bugali baridi na chai, akatoka saa kumi na robo, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ilikuwa sabuni tupu, akatandika mikeka yake, akaona bidon zote kavu, akashuka chemchemi yeye mwenyewe, miaka sabini na tatu, na bidon ya litre ishirini begani, na wakati wa kupanda muguu ukaenda upande wake. Adhana haikusikika asubuhi ile. Kutoka chemchemi hadi musikiti kuna nyumba kumi na moja za Waislamu, tulizihesabu jana tukishuka polepole, na katika nyumba hizo kumi na moja hakuna mutu aliyegeuka kitandani akajiuliza mbona leo muzee hajaita.

Aliyemukuta ni Maman Adélaïde, jirani yetu Mukatoliki, akienda misa ya asubuhi, saa kumi na moja na nusu, amelala kwenye matope, nyonga imevunjika na kichwa kimegonga jiwe, yuko hai, anaongea, na la kwanza alilomuambia ni maman, simamisha ile bidon, maji yaliyobaki yasimwagike. Maman Adélaïde akapiga hodi mulango wa kwanza, wakanyamaza, akapiga wa pili, wakazima taa, wa tatu ukafunguliwa na Papa Kalonda akiwa na pijama, akauliza ni nani anayepigia watu kelele asubuhi hivi, akaambiwa ni imamu wako. Tuseme pia haki yake, Papa Kalonda alipoona, alingʼoa mulango wa choo chake akawaita vijana wakamulaza muzee juu yake, wakamushusha hadi barabarani peku, na yeye ndiye alishika upande wa kichwa. Maman Adélaïde hakufika misa siku hiyo. Tulipomushukuru alisema musinitukuze, sisi pia Noeli kanisa linapasuka, kisha Januari Padri anahubiria mabenchi, tofauti yetu na ninyi ni kwamba ninyi munaacha na mikeka.

Hospitalini Papa Asumani alikuwa anaenda na kurudi, na kila akirudi anauliza jambo moja, si watoto, si dawa, si maumivu, anauliza, kesho mikeka itatandikwa. Maman Mwavita akamuambia itatandikwa. Akauliza na nani. Akamuambia wenyewe. Alisema vile ili anyamaze, kama mutu anavyosema kwa mutoto, na muzee akatabasamu, akalala, na Maman Mwavita akabaki kwenye kiti akiona amemudanganya mutu anayekufa, na uongo wa namna hiyo ukiuacha hivyo unaoza ndani ya nyumba.

Kwa hiyo Alhamisi tarehe 25 Aprili, saa kumi, alimuachia Zaina kitanda cha mugonjwa, akapanda mulima na magoti yake mabovu, akafungua musikiti kwa ufunguo uliokuwa mufukoni mwa koti la mume wake, ungali na matope. Akakuta mikeka ya Jumatano ingali imetandikwa, imelowa upande wa ukuta kwa ajili ya bati linalovuja, akaikungʼuta mumoja mumoja, akaitandika upya, akasoma majina, herufi anazijua polepole, jina hili na jina lile, wanaume aliowapikia uji wa kufuturu mwezi muzima, kinyesi cha panya kwenye hili, mate ya ugoro kwenye lile, akahesabu arobaini na moja. Akaenda nyuma ya pazia la wanawake apate pahali pake, akakuta kando ya ukuta kumetandikwa mukeka mumoja peke yake, wa zamani, umechakaa, umetiwa viraka vya kitenge, na kitenge akakijua, ni cha gauni lake alilovaa Idi ya Januari 1999, siku ambayo yeye pia alisimama mulangoni, mukono kiunoni, akamuambia mume wake kwa mucheko, chunga na wangu, kesho nitakuja nikuone ukiita. Katika Ramazani wanawake wanabanana kwenye plastiki kubwa, hakuwahi kuuangalia ule ukuta. Mukeka ulikuwa umefagiliwa. Kwenye kona kulikuwa na jina kwa uzi mwekundu, jina la Mwavita, na uzi ule ulikuwa umeshonwa tena na tena juu ya mushono wa zamani, na mishono ya mwisho ilikuwa imepinda, ya mutu asiyeona sindano.

Musimufikirie alilia, alikasirika, alimutukana muzee kwa Mashi, lugha ya kwao muzee, na kwa Kiswahili, kisha akaketi kwenye mukeka wake akangoja. Jogoo aliwika, motari mumoja akawasha pikipiki yake huko chini, mutu akakohoa nyumba ya jirani na kurudi kulala. Hakuna aliyekuja. Mwanamuke haadhini, kwa hiyo musikiti ulikaa kimya siku ya pili, akasali peke yake nyuma ya pazia, na alipotoa salamu kulia na kushoto alielewa mume wake alikuwa anaangalia nini kwa miaka ishirini na tano, na kusema kweli hakikuwa kitu cha kupendeza.

Akarudi hospitalini akamuambia mukeka mumoja ulikuwa na mwenyewe. Muzee akauliza ni wa nani. Akamuambia, ule wa viraka. Papa Asumani akasema, umechelewa, Mwavita, na akacheka hadi nyonga ikamuuma, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana, baada ya hapo ni shahada peke yake. Aliaga dunia siku hiyohiyo, Alhamisi, saa kumi jioni, zikibaki siku nane atimize miaka sabini na minne, na zile funga sita hakuzimaliza, zilizobaki Zaina atazifunga kwa niaba yake, Mungu ndiye anajua hesabu yake.

Tunawashukuru madaktari na wainfirmiye waliomuuguza, walimuita papa na hawakumuinulia sauti, tunamushukuru Maman Adélaïde na misa yake aliyoipoteza, tunawashukuru mafundi wa soko la Kadutu waliokuwa naye kazini, walioshona sanda kwa mikono bila kuambiwa na mutu, tunamushukuru Papa Kalonda, mulango wa choo tutamurudishia baada ya maziko, tunawashukuru pia ninyi wote muliojaa hapa leo, kwa kweli mumejaa, Papa Asumani hakuwahi kuwaona wengi hivi nje ya Ramazani, ni hasara kwamba leo ndiyo siku ambayo hawezi kuwaona.

Baada ya sala ya Ijumaa tutamusindikiza makaburini. Lakini kabla hamujasimama, kila mutu ageuze kona ya mukeka aliokalia. Maman Mwavita na binti zake waliishusha yote arobaini na moja jana jioni kutoka musikitini, kwa kichwa, wakaitandika humu uani, na mulipoingia mukaketi popote, kwa hiyo Papa Kalonda amekalia jina la mutu mwingine, na mutu mwingine amekalia la Papa Kalonda, tafutaneni. Atakayeona jina lake achukue mukeka wake. Anayetaka kuurudisha nyumbani aurudishe, autie chini ya kitanda, autandikie mbuzi, hakuna atakayemuuliza, mutu aliyekuwa anawangoja tunamuzika leo, na jina, tumeacha makasi hapa mezani, alikate mwenyewe. Hatutachunga mukeka wa mutu tena kwa neno la mudomo.

Anayetaka uwe musikitini aupeleke na miguu yake, kesho Jumamosi tarehe 27 Aprili, mulango utakuwa wazi kuanzia saa kumi na nusu, kwa kuwa ufunguo uko na Maman Mwavita, na maji amekwisha kuchota. Atakuwa nyuma ya pazia, kwenye mukeka wenye viraka. Adhana inangoja mwanaume.

Pumzika kwa amani, Papa Asumani, umeamka mapema ya kutosha, lala, sisi tutaenda.